Ufadhili wa habari za tabianchi na maisha ya watu: ruzuku, redio jamii au michango ya wasomaji?

Mwanapwani_Unguja
Wakuu, habari za leo. Nataka kufanya mfululizo wa makala na vipindi vya sauti kuhusu wakulima wa mwani hapa kisiwani Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo fedha yake imekaa zaidi mikononi mwa kina mama: ada za shule, bati za nyumba, vyombo vya harusi ya binti, hata ujasiri wa kumwambia mume "hapana". Sasa cottonii, ule mwani mnene wenye bei nzuri, hauhimili maji ya moto ya kina kifupi. Unapauka, unakatika kambani, mama anarudi na spinosum, aina nyingine ya mwani, wa bei ya chini. Wataalamu wanashauri kuhamia maji ya kina, lakini wengi wa kina mama hawakufundishwa kuogelea. Habari ninayoitaka ni hiyo ya nyumba na heshima ndani ya nyumba. Ya nyuzijoto peke yake imeshaandikwa sana.

Naona njia tatu: ruzuku za nje, redio jamii yenye wadhamini, au wasomaji wachangie kwa simu. Aliyepita humo anielekeze.

Kalamu_Tanga
Mkuu, mimi ningeanza na ruzuku. Pulitzer Center, shirika la Washington linalofadhili uandishi wa habari, kwa kawaida hulipia gharama za kuripoti kama usafiri na malazi, na hutaka kujua ni chombo gani kitachapisha, kwa hiyo tafuta barua ya mhariri kabla hujaandika hata mstari mmoja wa pendekezo. Earth Journalism Network, mtandao wa wanahabari wa mazingira ulioanzishwa 2004 chini ya Internews, shirika la Marekani linalosaidia vyombo vya habari, hutoa ruzuku ndogo ndogo, na mara nyingi hukupa mhariri mlezi. Kwa mtu anayeanza, huyo mlezi namthamini kuliko fedha yenyewe.

Shida ya ruzuku ni kalenda. Utapewa miezi michache, ilhali habari yako inakwenda na maji. Mama wa mwani yuko shambani siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Ukifika wiki ya maji mafu utapata mahojiano ya barazani tu, hutamuona ameinama akikaza kamba kwenye vigingi huku akiangalia maji yasije yakajaa kabla hajamaliza mstari. Na mwani wa wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, si mwani wa wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, joto la maji linatofautiana. Weka kwenye bajeti safari ya kusi na safari ya kaskazi, ueleze kwa nini. Usikubali kukata moja ili bajeti ionekane nyembamba.

Binti_Shela
Nakubaliana na kaka Kalamu kuhusu bamvua. Ila anayetegemea mfadhili mmoja akumbuke Januari 2025: Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Internews ilikuwa ikitegemea sana fedha za serikali hiyo. Mwandishi aliye katikati ya kazi analipwa na nani siku kama ile?

Michango ya wasomaji siipi nafasi kubwa. Nation, gazeti la Kenya, walianza kutoza wasomaji wa mtandaoni 2021, nao wana jina na chumba kizima cha habari. Mtu mmoja mwenye mada moja atapata michango ya mwezi wa kwanza kutoka kwa marafiki, halafu kimya. Itumie kwa vocha na nauli za karibu, usiijengee mfululizo.

Mtoto_wa_Kisangani
Jambo ndugu zangu. Huyo Pulitzer Center ana mfuko wa misitu, Rainforest Journalism Fund, ulioanza 2018 kwa fedha za Norway: Amazoni, Bonde la Kongo na Asia ya Kusini-Mashariki. Unguja haumo, lakini wa Kongo mnaosoma hapa, uangalieni. Kwetu viwavi vya mti wa sapelli ni chakula na ni biashara ya sokoni, na mti huohuo ndio wenye mbao inayotafutwa na makampuni. Ukiandika "ukataji miti" unaeleweka mara moja. Ukiandika kwamba chungu cha nyumbani kimebadilika, lazima uonyeshe uhusiano wake na msitu kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo, usingoje uulizwe.

Bi_Rukia_Pemba
Wanangu, mbona redio mmeiruka? Kina mama hao hawasomi makala zenu za Kiingereza huko Washington. Wanasikiliza redio wakiwa wamekaa ukumbini wanafunga mbegu kwenye kamba, na hapo ndipo wanapobishana na mtangazaji. Radio Jamii Micheweni huku kwetu ilianzishwa kwa msaada wa UNESCO, na lugha yake ni yetu wenyewe.

Fedha ni kidogo, sitawadanganya. Na mdhamini ana mkono wake. Kituo nilichofanyia kazi kilidhaminiwa na mwenye hoteli. Kipindi kilipofika kwenye ukuta wa zege uliokinga ufukwe wake na kuuhamishia mmomonyoko kwa jirani, alitaka kifutwe. Tulikirusha, udhamini ukaisha. Tangu hapo tunaandikishiana kabla ya senti ya kwanza: mdhamini anatajwa hewani, haoni wala hagusi maudhui.

Mwanapwani_Unguja
Ahsanteni sana, hasa Bi Rukia. Basi naelekea hivi: ruzuku ilipie safari za misimu miwili, na vipindi virushwe redio kwanza kabla makala haijatoka kwingine. Swali moja: mama anayeacha shamba siku ya bamvua ili anihoji, nimlipe?

Bi_Rukia_Pemba
Anayehojiwa ni yeye, mwanangu, na shamba asiliache. Nenda naye majini, mrekodi akiwa kazini, na ukihitaji maneno marefu subiri jioni. Fedha ya mahojiano usitoe, kesho kila mtu atakwambia unachotaka kusikia.

Kalamu_Tanga
Naunga mkono. Ila nauli na chakula cha anayesafiri kuja studio ni haki yake, viwe na mstari wao kwenye bajeti. Ukishaandika rasimu iweke hapa, nitapitia hesabu zote.