Nyambane alimwiga Moi kwenye TV Moi akiwa bado Ikulu, ilikuwaje hakuguswa?

kijana_wa_makorora

Wakuu habari za jioni. Hapa kazini tuna Wakenya wawili, juzi wakaanza kubishana nani mchekeshaji mkali wa muda wote kwao, mmoja anasema Churchill, mwenzie akacheka kwa dharau akamwambia hao wote wamepita njia iliyofyekwa na Redykyulass. Mimi Redykyulass nilikuwa nalijua jina tu, basi usiku nikaingia YouTube kuchimba, kuja kushtuka saa tisa hiyo na kesho yake kazini.

Kwa ambao hamjui kama mimi, ni jamaa watatu, Walter Mong'are ambaye wengi wanamwita Nyambane, John Kiarie yaani KJ, na Tony Njuguna. Walianzia Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaja kuonekana Nation TV ile stesheni ndo kwanza changa, 1999 kwenda 2000 hivi. Na kilichompa jina Nyambane ni kumwiga Rais Moi, sauti, mwendo, rungu, kila kitu. Sasa hapo ndo nilipokwama. Moi ametoka madarakani Desemba 2002. Yaani jamaa alikuwa anamwiga rais ambaye yuko Ikulu anaangalia, tena Moi huyo huyo wa vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House tunaosimuliwa, halafu asubuhi anaamka anakunywa chai kwake kama kawaida. Ilikuwaje? Alikuwa na mtu nyuma yake au nchi ilishabadilika? Na je alikuwa anajua kuiga kweli au watu walikuwa wanashangilia ujasiri tu, maana klipu nyingine ni chakavu sauti hata haisikiki. Mliokuwepo tusaidieni.

mzee wa Grogan

Kijana, shikamoo yako nimeipokea hata kama umesahau kuiandika 😄

Mimi nilikuwa mtu mzima hiyo miaka, nauza vipuri Grogan hapa Nairobi na picha ya Moi iko ukutani juu ya rafu kama kila duka la Kenya. Ndio uelewe tulikuwa tunacheka nini, lazima kwanza uelewe hiyo sauti tulikuwa tunaisikia namna gani. Miaka mingi redio ilikuwa ya serikali peke yake, na habari lazima ianze na Mtukufu Rais. Mtukufu Rais amehudhuria ibada, Mtukufu Rais amepokea wageni, hata kama dunia imepasuka mahali hiyo utaisikia baadaye. Saa saba mchana watu walikuwa wanasogea karibu na redio kwa sababu waziri alikuwa anafutwa hapo hapo kwa habari, yeye mwenyewe anasikia kama wewe tu. Sikukuu za taifa Moi anasoma kwanza ile hotuba ya Kiingereza ameandikiwa, watu wanasinzia juani, halafu anaweka karatasi kando anaingia Kiswahili chake, hapo uwanja wote unaamka maana maneno yenyewe yalikuwa huko. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa miaka ya sabini aliijua sauti ya Moi kuliko ya babake aliyekuwa anafanya kazi mbali. Nyambane hakuhitaji kutuambia anaiga nani. Alikuwa anakohoa tu, tunaanguka.

Halafu kuna jambo la 1984 vijana hamlijui. Mwezi wa tisa Moi ametoka Addis Ababa, akaambia mawaziri na kila mtu waimbe kama kasuku, waimbe wimbo wake vile yeye alikuwa anaimba wa Kenyatta, yeye akiweka nukta na wao waweke nukta hapo hapo. Mimi huwaambia watu Nyambane ndiye kasuku pekee aliyetii hiyo amri kikamilifu, aliimba wimbo wote mpaka na nukta zake. Sasa angeshtakiwa kwa kosa gani?

Huo ni utani, lakini jibu la swali lako ni wakati. Vijana wangefanya hivyo 1987 ungekuwa unasoma habari zao kwa ripoti za haki za binadamu, si YouTube. Lakini 1990 KTN, televisheni ya watu binafsi, imekuja, 1991 vyama vingi vimerudi, redio za watu binafsi zikafuata, na Katiba ilikuwa imeweka vipindi viwili. Moi ameshinda 1992, ameshinda 1997, hakuna cha tatu, kila mtu hata yeye anajua 2002 anaenda nyumbani Kabarak. Rais anayeondoka hawezi kumtisha mwanafunzi wa chuo vile alimtisha lekchara wake. Na bado, nikwambie ukweli, miezi ya kwanza tulikuwa tunacheka huku tunaangalia mlango. Jirani yangu alikuwa askari na alikuwa anakuja kuangalia kwangu. Sikujua kama amekuja kucheka ama amekuja kuona nani anacheka.

dada_wa_pwani

Mzee wangu heshima yako, yote ulosema sawa, ila mimi nawapinga hawa wanaosema Redykyulass ndio walianza kumcheka Moi. Wahome Mutahi yuwapi kwenye hii hadithi? Yule alikuwa aandika safu yake ya Whispers gazetini, 1986 akakamatwa kwa mambo ya Mwakenya, kile chama cha siri cha kumpinga Moi, akafungwa, akatoka akarudi kuandika vile vile, na miaka ya tisini akawa aandika michezo ya Kikuyu yachezwa kwenye mabaa, watu wakunywa pombe yao wamcheka mkubwa palepale. Alilipa yeye kwanza, hawa watatu wakaja wakakuta mlango umeshasukumwa. Walichofanya wao ni kuuingiza mzaha sebuleni, watoto na nyanya zao wakae pamoja watazame, na hilo si dogo, siwanyimi haki yao.

Lakini kuna la pili ambalo halisemwi. Moi wa Nyambane alikuwa apendeza! Babu mwenye rungu, ua kwenye koti, maneno ya kuchekesha. Mimi nilikuwa shule ya msingi na nilimpenda Moi kupitia Nyambane, wallahi. Yale ya Nyayo House hayakuwemo kwenye mchezo. Ukimwiga mtu vizuri sana mwisho wake wampa watu wamzoee, na mtu mkizoeana naye kwa kicheko ni taabu kumdai hesabu. Kwa hivyo nikiulizwa mbona Moi hakuwagusa, mimi nasema pengine hakuona hasara.

Na mkitaka kujua wako wapi, KJ sasa ni mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017, ni mheshimiwa wa kweli si wa kuigiza. Nyambane alikuwa redioni Kiss 100 asubuhi na mtangazaji Caroline Mutoko, wale waliokuwa wakienda kazini na matatu wanakumbuka, baadaye akaingia serikalini enzi za Rais Uhuru Kenyatta, na 2022 akataka urais mwenyewe kwa tiketi ya chama cha Umoja Summit, IEBC, ile tume ya uchaguzi, ikamtoa kwa mambo ya cheti cha digrii. Fikiria mtu aliyepata jina kwa kumwiga rais afika mlango wa uchaguzi wa rais aambiwa alete cheti. Hiyo hata wao wenyewe hawangeiandika.

MC wa Kirumba

Ngoja mtu wa kazi aongee kidogo. Mimi nasherehesha harusi na sendofu huku Mwanza, na kuiga sauti za wakubwa ndo kunanilipia kodi ya nyumba, kwa hiyo zile klipu za Nyambane nimezisoma kama mwanafunzi.

Mleta mada umeuliza kama alikuwa anajua. Anajua sana. Watu wanafikiri kuiga ni koo, koo ndo la mwisho kabisa. Cha kwanza ni pumzi, mtu anavuta wapi hewa na anaacha wapi watu wamsubiri. Moi alikuwa na sauti ya kukwaruza, anakwenda taratibu, anatua mahali ambapo wewe usingetua, na wakati ametua hakuna anayethubutu kukohoa. Nyambane anachukua ule ukimya. Angalia klipu ambazo sauti ni mbovu, utaona watu wanacheka wakati hajasema kitu, kasimama tu na rungu anawatazama. Cha pili ni kichwa na mkono, maana ukumbi mkubwa wale wa nyuma hawasikii vizuri, wanaona. Rungu, ua kwenye kola ya koti, kile kidole kimoja cha chama chake cha KANU, ukishaweka hivyo hata ukisema neno moja tu la siasa mbaya maisha mbaya umemaliza.

Lakini kuiga sauti peke yake kunachosha haraka, watu wanapiga makofi mara ya kwanza, mara ya pili wanaangalia simu. Ndo maana hawa jamaa walikuwa wanaandika vichekesho vyenye kisa ndani yake. Unamtoa mkubwa kwenye kiti chake unampeleka mahali ambapo hajawahi kwenda maishani, halafu unamwacha aongee vile vile kama yuko kwenye kiti. Mimi kwa mfano nina Mwalimu Nyerere amepanda daladala ya kwenda Buzuruga, konda hajamrudishia chenji:

"Kondakta. Nimekupa elfu moja. Unasema chenji huna. Sasa, huna, au hutaki? Maana hayo ni mambo mawili. Kama huna, tutakusaidia uwe nayo. Lakini kama hutaki... ala! ... wewe si kondakta, wewe ni bepari."

Hapo wazee ukumbini wanalia machozi, na sijamtukana mtu, nimechukua tu namna yake ya kupanga hoja nikaiweka kwenye jambo la shilingi mia nne. Ukiijua akili ya mtu maneno yanakuja yenyewe, hata yale ambayo hakuwahi kuyasema.

kijana_wa_makorora

Mzee wa Grogan shikamoo sana, nimekosa adabu 🙏 Dada wa pwani umenigeuza kichwa, sikuwahi kufikiria hivyo. MC nimecheka hapa peke yangu kama chizi. Sasa nina swali jingine, hawa Wakenya wangu wanasema Moi alipoondoka Redykyulass wakapwaya, eti Kibaki aliyemfuata Ikulu hakuigika. Ni kweli?

mpita_njia_dom

Mnasifia ya Kenya ila tuangalie na kwetu. Mchekeshaji Steve Nyerere kajipatia mpaka jina kwa sauti ya Mwalimu, lakini Mwalimu alishafariki 1999, na anamwiga kwa heshima, hakuna wa kukasirika. Kundi la Orijino Komedi nao wametuchekesha sana TBC1 ila ile ni televisheni ya taifa, mwenye akili anajua mwisho wa kamba uko wapi. Aliye madarakani ndo mtihani. Mchekeshaji Idris Sultan 2019 alibadilishana sura na Magufuli kwenye picha tu, siku ya kuzaliwa ya mkuu, akajikuta polisi. Na 2020 akakamatwa tena kisa kacheka, narudia KACHEKA, kwenye video akiangalia picha ya zamani ya Magufuli na suti pana. Hakuiga hata sauti. Kwa hiyo mzee wa Grogan yuko sahihi ni suala la wakati, ila wakati wenyewe hauendi mbele siku zote, miaka karibu 20 baada ya Nyambane na huku kwetu kicheko kitupu kilipelekwa kituoni.

MC wa Kirumba

Kuhusu Kibaki nakubaliana na hao Wakenya wako nusu. Mtu wa kumwiga anatakiwa awe anaongea sana mwenyewe. Moi alikuwa kila siku kwenye redio, malighafi ipo tele. Kibaki huyu anakaa kimya wiki nzima, anaacha wengine waongee, ukija kumsikia maneno yanatoka kama yanavutwa na kamba. Unamwiga nini, kimya? Na watu 2002 walikuwa wanaimba yote yawezekana bila Moi, walimpenda, na umati unaopenda haukupi nafasi ya kumchekea mtu wao.

mzee wa Grogan

MC hapo umeteleza. Kibaki alikaa kimya mpaka akasirike. Akikasirika ni "pumbavu!" na "mavi ya kuku!" mbele ya umati, mpaka watoto mtaani kwetu walikuwa wanaigana. Kila mchekeshaji Kenya alimla Kibaki miaka kumi na akashiba. Na ule mwaka wa 2009 Gado mchora katuni, ambaye ni mtu wenu wa Dar, akaleta vikaragosi vya XYZ pale Citizen TV, wakubwa wote wakawa mipira ya kuchezewa. Kilichobadilika ni kwamba sisi tuliacha kuogopa. Nyambane alikuwa na msaidizi mkubwa kwa steji na huyo msaidizi alikuwa woga wetu, mtu akiogopa na akicheka wakati mmoja anacheka kama anapasuka. 2004 nilikuwa nacheka tu kawaida.

Dada wa pwani, la Moi kupendeza sina jibu. Mke wangu husema hivyo hivyo na yeye kakake alilala ndani.

dada_wa_pwani

Pole kwake mzee wangu. Mfikishie salamu.

kijana_wa_makorora

Mzee kuna mahali naweza kupata zile za mwanzo kabisa zenye sauti safi? YouTube ni vipande vipande tu.

mzee wa Grogan

Niko na kanda za VHS nilirekodi mwenyewe, ziko kwa sanduku na sijui kama panya hawajazifikia. Kuna kijana hapa mjini anahamisha kanda kwa flashi, nitamuuliza bei Jumatatu nirudi na jibu. MC usinitumie meseji za inboksi, utangoja zamu yako hapa hapa.