Kijana wa Lamu na kazi ya farasi Ujerumani: kabla hajatia sahihi

Kutoka: Mama wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum wanangu na ndugu zangu mlioko nje.

Naomba shauri kwa jambo la mwanangu. Amekua na punda kama watoto wote wa hapa, kisha alipokwenda Nairobi akapata kazi ya usaisi kwenye mabanda ya farasi kule Karen. Huko wamemfundisha kupanda, na sasa amezama katika hii dresaji, ule upandaji wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi na ishara ndogo. Mama mmoja mwenye farasi amemuunganisha na banda huko Ujerumani. Wamemwandikia kwamba watampa chumba, chakula na nafasi ya kujifunza. Mshahara hawakuutaja. Babake anasema aende, riziki haikataliwi. Mimi moyo unasita. Binti yetu wa Mkomani, wewe uko kwenye kazi hiyo hiyo. Nieleze kama ambavyo ungemweleza mamako.

Kutoka: Binti wa Mkomani, Münsterland

Waalaykum salaam mama, kutoka huku Ujerumani. Moyo wako umesita panapostahili. Barua isiyotaja mshahara si barua ya kazi, hata ikiandikwa na watu wema. Mwambie kijana asikatae, ila awajibu kwa swali moja: je, mnanipa mkataba wa Ausbildung, na ni wa tawi gani?

Naeleza. Ausbildung ni mafunzo ya kazi ya miaka 3. Unafanya kazi bandani, unahudhuria chuo cha ufundi, unalipwa kila mwezi, na mwisho unafanya mtihani unaotambuliwa nchi nzima. Kazi ya farasi ina cheti chake rasmi, kinaitwa Pferdewirt, na kina matawi 5: kutunza farasi na kuhudumia wateja, kuzalisha, farasi wa mbio, mitindo maalumu ya kupanda, na lile ambalo mwanao analitaka, Klassische Reitausbildung, yaani mafunzo ya upandaji wa kiasili. Tawi linaandikwa kwenye mkataba. Hapo ndipo vijana wetu wengi hupotelea, kwa sababu anayesoma haraka huona neno farasi akatia sahihi.

Namjua msichana wa Mombasa aliyekuja kwenye banda zuri sana, ukumbi wa kupandia una vioo ukutani, farasi wanang'aa. Mkataba wake ulikuwa wa tawi la utunzaji. Kila siku aliwapiga brashi farasi, akawafunga matandiko, akawapeleka ukumbini na kumkabidhi mwingine hatamu. Akiuliza zamu yake ya kupanda, aliambiwa subiri, farasi hawana nafasi. Hakuwa na pa kushtaki, maana hakuna kilichovunjwa: kupanda kwake kulikuwa hisani, na hisani haidaiwi. Mwenye mkataba wa Klassische Reitausbildung yuko mahali pengine kabisa. Mtihani wake una dresaji na una kuruka vizuizi, kwa hiyo kumpandisha na kumfundisha ni deni la mwajiri. Asipolilipa, iko ofisi inayosimamia mikataba hii, hapa kwetu ni chemba ya kilimo, nayo ina haki ya kumuuliza. Aombe nakala ya mkataba yenye usajili wa ofisi hiyo. Aulize pia ni nani hasa atakayemfundisha, na kama mtu huyo anacho cheti cha ufundi mkuu wa fani.

Kuhusu pesa. Sheria imeweka kiwango cha chini kwa mwanagenzi. Kwa mafunzo yaliyoanza 2025 ni euro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 805 wa pili na 921 wa tatu, kabla ya makato ya bima. Si pesa nyingi, na asikuahidi kukujengea nyumba mwaka huo. Chumba na chakula mwajiri anaweza kuvihesabu ndani ya mshahara, lakini hawezi kula wote: robo yake lazima imfikie kijana kwa pesa. Tena hakuna ada. Mwenye banda kumtoza mwanagenzi kwa kumfundisha ni kifungu batili kisheria, hata kama amekitia sahihi. Akisikia wakala anataka malipo ili ampe nafasi za serikali, amkimbie. Makubaliano ya kazi ambayo Kenya na Ujerumani walitia sahihi Berlin Septemba 2024 hayakuweka idadi yoyote ya nafasi, na hakuna wakala aliyegawiwa fungu lake.

Mwezi 1 hadi 4 ya mwanzo ni ya majaribio, na hapo kila upande unaweza kuachana na mwenzake bila notisi. Ikipita, mwajiri hawezi kumfukuza bila sababu nzito. Na hili walishike vijana wote waliopo kwenye orodha hii ya barua zetu: mafunzo yakikatika bila kosa lako, unapewa hadi miezi 6 kutafuta banda jingine kabla kibali chako hakijaguswa. Nimeona watu wakivumilia matusi kwa kuamini kwamba wakiondoka bandani watarudishwa Kenya kesho yake. Si kweli, na wapo waajiri wanaofurahi kwamba hamjui.

Viza inaombwa ubalozini Nairobi, na kwa kawaida utatakiwa uwe na Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Asione ni kikwazo cha makaratasi tu. Farasi akiwa mwendoni mwalimu haachi kusema: kisigino, bega la ndani, legeza, sasa, si sasa. Farasi hakungoji utafsiri. Chuoni nako kuna magonjwa, malisho, mifupa ya mguu, sheria za wanyama, vyote kwa Kijerumani. Aanze masomo leo, mkataba upatikane usipatikane.

Sasa nije kwenye kupanda kwenyewe, maana najua atasoma hii.

Mdogo wangu, mkono wa punda ni mali. Mtu aliyelelewa Lamu anajua kusoma sikio, anajua mnyama ameshtuka kabla hajaruka, anainua kwato bila kugombana. Hapa wapo wanaolipia masomo miaka bila kupata hayo. Ila namna yako ya kukaa juu ya mnyama itabomolewa ijengwe upya. Sisi punda tunampanda nyuma kabisa, juu ya nyonga zake, miguu inaning'inia, na telki, ule mwendo wake wa haraka, haiturushi. Farasi wa dresaji unamkalia katikati, uzito ushuke kwenye mifupa miwili ya makalio, paja lielekee chini, na kiuno kimpokee kila anapokurusha. Watakuweka kwenye kamba ndefu: mwalimu kasimama katikati, farasi anamzunguka, wewe huna hatamu wala vikuku vya kukanyagia. Kule Vienna, kwenye shule yao ya kale ya farasi weupe, wanafunzi huanzia hapo hapo na hukaa hapo muda mrefu. Usione unarudishwa nyuma. Nyonga zitakuuma, kisha siku moja utagundua kwamba mkono wako umetulia wenyewe, na farasi ameshusha shingo na anatafuna lijamu, chuma cha mdomoni, taratibu. Hapo ndipo mazungumzo na farasi yanapoanza. Mpaka siku hiyo mikono ilikuwa ikijishikilia kwenye hatamu, na mnyama alikuwa akilipa kwa mdomo wake.

Wajerumani wana ngazi 6 za kumfundisha farasi, na watakuuliza: mdundo wa hatua, kulegea kwa mwili, kugusana kwa upole na lijamu, msukumo kutoka miguu ya nyuma, kunyooka, na mwisho kujikusanya, yaani kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma. Mpangilio huo una sababu. Farasi ambaye bado amekaza mgongo hana namna ya kukupa msukumo ulio safi, na ukimlazimisha ajikusanye kabla hajanyooka, unamwumiza viungo. Video utakayowatumia wenye banda wakuone unavyopanda isikatwekatwe. Iwe ya farasi akitembea, akienda hatua mbili mbili, akienda shoti, mzunguko wa kulia na wa kushoto. Ukionyesha upande mmoja tu watajua unaficha mwingine. Na uwaonyeshe pia ukimtandika, ukimwoshea miguu na ukimpeleka matembezi baada ya kazi, maana mkono hujulikana hapo.

Kiboko nacho. Huku kipo, na kazi yake ni kumgusa farasi, basi. Mwaka 2024 Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye dhahabu za Olimpiki za London na Rio, alijitoa kwenye Olimpiki ya Paris baada ya kutoka video ya zamani akimcharaza farasi miguuni wakati wa mafunzo, kisha shirikisho la dunia likamfungia mwaka 1. Ukiagizwa kupiga, kataa. Mnyama hana wa kumsemea isipokuwa aliye karibu naye, na siku hiyo aliye karibu ni wewe.

Mama, na wewe najua utauliza ya dini. Swala inawezekana, waajiri wengi wakiambiwa mapema hawana neno, na alfajiri ya baridi utakuwa macho kwa hali yoyote kwa sababu farasi wanakula mapema. Lenye taabu ni mbwa. Kila banda lina mbwa, wanalamba mikono, wanalala juu ya mablanketi ya farasi, na sisi Mashafii twajua hukumu yake. Mimi nina nguo za bandani ambazo haziingii chumbani kamwe, nazivua mlangoni, na nguo za swala ziko kwenye mfuko wake uliofungwa. Watu wa bandani wamezoea, hata watoto wa mwenye banda humvuta mbwa wakiniona nimevaa nguo safi. Mtandio mwembamba unaingia vizuri chini ya helmeti, nawaambia mabinti wanaouliza. Jikoni aseme siku ya kwanza kwamba nguruwe hali. Akinyamaza kwa haya watampikia wiki nzima na kila mtu ataona vibaya.

Baridi sitaisema sana. Januari maji yanaganda ndooni na unayavunja kabla farasi hajanywa. Anunue glavu nzuri, asiletewe za hapo sokoni.

Kutoka: Mjomba wa Shella ya Malindi, sasa Italia

Binti, Mungu akulipe. Nina mawili. Mpwa wangu Malindi anazungumza Kiitaliano kuliko mimi niliye huku, amekipatia ufukweni. Mgeni mmoja wa hoteli amemwalika kwenye farasi zake karibu na Milano, aje kwa viza ya matembezi kisha "tutapanga". Naona ni mtu mzuri kweli. La pili: kijana wa mama yetu akishaiva, aweza kuipandia Kenya?

Kutoka: Binti wa Mkomani, Münsterland

Mjomba, hilo la kwanza halina njia. Viza ya matembezi ya Schengen ni siku 90 ndani ya siku 180, na haina ruhusa ya kazi, hata ya kupewa chumba na chakula bila mshahara. Farasi akimpiga teke mpwa wetu, hana bima ya ajali kazini, na yule mzee mwema ndiye atakayeogopa kumpeleka hospitali. Kama wema wake ni wa kweli, na amwandikie mkataba, ampelekee ubalozini, mpwa aingie na kibali cha kazi. Kiitaliano chake ni hazina, asikiuze kwa chumba.

La pili laweza kuwa. Mpandaji husajiliwa na shirikisho la nchi yake, na akishafikia viwango hakuna kinachomzuia kubeba bendera yetu. Farasi ndiye tatizo. Kwetu Afrika kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, na Ulaya wanauogopa mno: mwaka 1987 punda milia waliotoka Namibia waliuingiza Hispania, na haukumalizika mpaka 1990. Kwa sababu hiyo farasi wa Kenya hapandishwi ndege hivi hivi kuja kushindana. Mkenya anayetaka mashindano ya huku hutafuta farasi aliye huku, na farasi wa kiwango hicho ana mwenyewe, na mwenyewe humkabidhi mtu anayemjua tayari. Ndiyo sababu nasisitiza cheti. Kijana wa kuchota mavi hakabidhiwi farasi wa namna hiyo. Mwenye cheti cha kufundisha farasi, aliyeonekana miaka 3 akiwatuliza farasi wakorofi kwa subira, hukabidhiwa.

Kutoka: Mama wa Langoni, Lamu

Nimemsomea babake yote. Amenyamaza, kisha akasema kijana aandike hilo swali la tawi leo usiku. Banda likijibu, nikuletee?

Kutoka: Binti wa Mkomani, Münsterland

Niletee mama. Apige picha kurasa zote za mkataba, afunike jina la banda na la kwake, anitumie mimi peke yangu, si kwenye orodha. Nitaangalia tawi, mshahara, saa za kazi, na siku za likizo, ambazo kwa mtu mzima wa kazi ya siku 6 kwa wiki hazipungui 24 kwa mwaka. Wakijibu kwa simu tu na hawataki kuandika, usinitumie kitu. Mwambie aendelee na Kijerumani, nami nitauliza kwenye mabanda ya huku ninayoyajua ni nani anachukua wanagenzi Agosti.