Bisibisi haishikwi kwa ncha za vidole: wanawake tunavyopindwapindwa kwenye picha za matangazo

Mimi ni fundi umeme, na tangu nilipoiona picha yangu kwenye tangazo la kampuni inayoniajiri sijatulia. Tulipigwa picha watatu, wanaume wawili na mimi, sote tukiwa na sare zilezile na kofia ngumu zilezile. Wenzangu waliambiwa wasimame wima, wapanue miguu kidogo, wakunje mikono kifuani na kuitazama kamera. Zamu yangu ilipofika, mpiga picha alinitaka nikunje goti moja, nilaze kichwa upande wa bega na kutabasamu, kisha akanipa bisibisi na kunielekeza niishike kwa vidole viwili karibu na shavu, kama mtu aliyeokota ua. Nilimwambia kwamba ukiishika hivyo mbele ya skrubu yenye kutu itakuponyoka kabla hujaizungusha hata robo. Akanijibu kwamba hii ni picha tu, si kazi. Basi mbona wenzangu walipigwa wakionekana wako kazini?

Lingekuwa kosa la mpiga picha mmoja nisingeandika. Mwanasosholojia Erving Goffman alikwisha kuyaonyesha haya katika kitabu chake cha mwaka 1979, alipopanga mamia ya picha za matangazo na kuonyesha kwamba mkono wa mwanamume hushika kitu ili kukitumia, ilhali wa mwanamke hukigusa juujuu au hupapasa kingo zake, au humgusa mwenyewe shingoni na usoni. Aliyaona pia magoti yaliyokunjwa, vichwa vilivyoinamishwa, wanawake waliolazwa vitandani na sakafuni, na macho yanayotazama kando kana kwamba mwenyewe hayupo. Miongo kadhaa imepita na goti bado limekunjwa.

Asiyeniamini na ajaribu mwenyewe. Weka uzito wote kwenye mguu mmoja, sukuma nyonga upande, pindisha shingo, inua bega hadi likaribie kidevu, halafu ukae hivyo kwa dakika moja. Utagundua kwamba huwezi kubeba kitu wala kukimbia, na mtu akikupita kwa kasi utayumba. Mwaka 2011 msanii wa Hispania, Yolanda Domínguez, aliwafanya wanawake wa kawaida waige mikao ya majarida ya mitindo wakiwa mitaani, na wapita njia wakawakaribia kwa wasiwasi, wakidhani wamepatwa na jambo. Mkao uleule ambao ukurasani huitwa urembo, barabarani huonekana kama ugonjwa!

Najua nitaambiwa kwamba wanamitindo wamekubali na wanalipwa. Simlaumu mwanamitindo, kwa sababu anafuata maelekezo kama nilivyoyafuata mimi, na kusema kweli tangazo la manukato halinisumbui sana, maana hakuna anayetarajia mtu afanye kazi na manukato. Kinachonikera ni kwamba mkao huohuo hutumika kuuza benki, bima, kompyuta na sasa hata ufundi wangu. Uingereza ilianza kutumia mwezi Juni 2019 kanuni inayokataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoweza kudhuru, na mwezi Agosti likazuiwa tangazo la Volkswagen lililoonyesha wanaume wakielea angani na mwanamke akiwa ameketi kando ya kigari cha mtoto. Ni hatua, lakini nina shaka kama kanuni ya aina hiyo inaweza kuinasa shingo iliyopindishwa kidogo tu, na ni kidogo hicho hicho kinachoniumiza. Wiki iliyopita mteja aliyekuwa ameliona tangazo letu alinifungulia mlango, akachungulia nyuma yangu na kuuliza fundi yuko wapi.

Nimeiandikia ofisi barua nikitaka picha iondolewe au nipigwe upya nikiwa nimeishika bisibisi kwenye mpini wake, na jibu nililopata ni kwamba mabango yamekwisha kuchapishwa. Aliyewahi kulazimisha picha ya namna hii ibadilishwe anieleze alianzia wapi, kwa sababu sitaliacha jambo hili.