Fundi kompyuta wa hapa Mtwara, umenidhalilisha mbele ya mama mkwe na virusi umeviacha palepale!

MamaWawili_Chuno

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinatetemeka. Naandika kwa simu kwa sababu kompyuta iko mezani hapa mbele yangu na kioo kizima kimefunikwa na tangazo linaloniambia nimeshinda simu ya bure. Sasa hivi! Mashine imetoka kwa fundi jana, nimelipa elfu thelathini taslimu, nikaambiwa "mama, hii sasa mpya".

Jina simtaji. Mtwara mjini nani asiyemjua? Yule yule wa steshenari, anayetoa kopi, anayejaza muvi kwenye fleshi, anayepiga Windows, anayefungua simu za wizi, na msimu wa korosho ukifika anafunga kompyuta anageuka dalali. Mnamjua.

Sasa sikilizeni. Nimeingia pale na mama mkwe. Mama mkwe katoka Newala kwa ajili ya kliniki Ligula, ni mtu mzima, ana heshima zake. Nilimpitisha pale nichukue CPU tupande bajaji twende nyumbani, basi. Kibanda kimejaa vijana wanasubiri muvi. Fundi ananiona tu, anapandisha sauti Shangani yote isikie: "Mama, virusi vya namna hii haviji vyenyewe. Vinaitwa! Kamuulize baba usiku anaangalia nini."

Mbele ya mama mkwe. Mbele ya mama aliyemzaa huyo baba!

Vijana wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Mama mkwe hakusema neno. Bajaji nzima hakusema neno. Tumefika Chuno kaomba maji, kayanywa, kachukua simu yake, kaingia chumbani kafunga mlango. Jioni simu zikaanza. Shangazi Tandahimba kapiga. Baba mdogo Masasi kapiga. Saa hizi mbuzi wa Kitangari wanajua mume wangu anaangalia nini usiku.

Na mashine yenyewe hajaitengeneza! Ni kompyuta ya mezani ya zamani, ina Windows 7, tunaitunza kwa sababu ina picha za watoto tangu wanazaliwa na mahesabu yote ya duka. Ukifungua intaneti inakupeleka ukurasa wa kutafutia ambao hatujauchagua. Ukitafuta matokeo ya kidato cha nne unaletewa kamari. Ukienda Task Manager ukaliua lile dude linaloleta matangazo, hujatoa mkono kwenye mausi limefufuka. Ukiliondoa kule Control Panel linakubali kwa adabu zote, unawasha upya, unalikuta limekaa na ndugu zake. Ndiyo maana niliipeleka kwa fundi! Ningetaka kutukaniwa mume ningebaki nyumbani, majirani wapo.

Na jambo lenyewe hili hapa. Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta, kaja leo asubuhi kaangalia tarehe za yale mafaili. Yameingia siku ileile mashine ilipokuwa kwa fundi huyu huyu mwezi uliopita, alipoweka antivirus "ya bure" na programu ya kushushia nyimbo ambayo hakuna aliyemwomba. Kafolda ka kraki, yale mafaili ya kufungulia programu za kulipia bila kulipa, kapo hadi leo. Yeye ndiye aliyeviita! Halafu anamsingizia baba wa watu. Mbele ya mama mkwe.

Sitaki ushauri. Nataka elfu thelathini yangu, na nataka aje Chuno, akae kwenye mkeka, amwambie mama mkwe kwa mdomo wake kwamba ni yeye.

Korosho_GrediA

Pole dada. Uzi nimeusoma wote. Ila hujajibu swali: baba anaangalia nini usiku?

MsafiriWaMtambaSwala

Hahahaha "mbuzi wa Kitangari". Mimi niko Kitangari, nathibitisha, taarifa imefika.

MamaWawili_Chuno

@Korosho_GrediA anaangalia mpira na analala saa tatu. Nyie ndio wale vijana mliokuwa pale kibandani mnacheka. Mama mkwe amegoma kula ming'oko aliyokuja nayo mwenyewe, unajua maana yake?

Baharia_Msimbati

Huyo fundi ni YULE? Kama ni yule, dada yangu umepona. Mimi nilimpelekea laptopu ina kidudu kama hicho hicho, nikamwambia kwa kinywa changu kwamba diski D usiiguse, kuna video ya harusi. Akapiga Windows, akafomati C, akafomati D, na akili yangu akafomati. Namuuliza video iko wapi, ananijibu "si mlishaoana?" Mke wangu hajanisamehe mpaka leo, na harusi yenyewe walikuja watu kutoka Msumbiji.

MamaWawili_Chuno

Ni YULE.

FundiMzee_Masasi

Dada amesema hataki ushauri lakini nitautoa, kwa sababu kazi hii naipenda na watu wa aina hiyo ndio wanaotuchafulia jina.

Ulichonacho ni programu ya kijasusi, na kazi yake ya kwanza ni kubaki hai. Inaangalia unatembelea kurasa gani, inakusukuma kwenye matangazo yanayomlipa mwenye nayo, na nyingine hurekodi hadi unachochapa. Mara nyingi zinakuwa mbili zinalindana: ukiua moja, ya pili inaiwasha. Juu yake kuna kazi imepangwa kwenye Task Scheduler, saa yake ikifika inazipakua zote upya. Fundi aliyefuta ikoni ya juu akachukua elfu thelathini hajafanya kitu chochote. Hata kama ni rafiki yangu, na huyo tunamjua wote, nitasema hajafanya kitu.

Picha na mahesabu yatoe kwanza kwenye diski ya nje. Picha na nyaraka tu, usibebe faili lolote la .exe, yaani la programu. Kisha chomoa intaneti, dude lisijipakue. Washa mashine ukibonyezabonyeza F8 kabla nembo ya Windows haijatokea, chagua Safe Mode. Humo Windows inawasha vitu vya lazima tu na dude mara nyingi halipati nafasi ya kuamka. Fungua Autoruns, ni ya bure na ni ya Microsoft wenyewe, utaona kila kinachojiwasha: funguo za Run kwenye rejista, huduma, kazi zilizopangwa. Usichokielewa ondoa tiki kwanza, usifute. Angalia na faili la hosts ndani ya Windows\System32\drivers\etc, maana majasusi hupenda kuandika humo ili tovuti za antivirus zisifunguke.

Halafu kitu ambacho mafundi wengi wanakipita, na kinaniuma sana: bofya kulia ikoni ya kivinjari, ingia Properties, soma mstari wa Target. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada ya .exe, hapo ndipo ule ukurasa wa ajabu unapotokea kila siku hata mashine ikiwa safi. Watu wanalipa mara mbili mbili kwa ajili ya mstari huo mmoja!

Likishindikana kabisa, tengeneza fleshi ya kuwashia kama Kaspersky Rescue Disk kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Mashine ikiwaka kwa fleshi hiyo, Windows yako haijawaka, kwa hiyo dude limelala na halina namna ya kujitetea. Ukimaliza, zima System Restore kisha iwashe tena, kwa sababu nakala za zamani zinaweza kulirudisha. Na nywila za barua pepe badilisha kwa simu, usibadilishie hapo.

Ila Windows 7 haipati masasisho ya usalama tangu 14 Januari 2020, na Chrome iliishia toleo 109. Kwa benki na malipo usiitumie hiyo mashine hata ikisafishika.

Korosho_GrediA

Mkuu umeandika kama unasahihisha mtihani. Ila umesema inarekodi kila kinachochapwa? Basi fundi ANAJUA baba anaangalia nini.

MamaWawili_Chuno

@FundiMzee_Masasi asante mzee wangu, Mungu akubariki, mtoto wa dada ameanza na huo mstari wa Target na kweli kakuta anwani ya kamari imekaa pale. IMEKAA PALE. Elfu thelathini, na hakubofya hata kulia! Muda huo aliutumia kumtukana mume wangu mbele ya mama mkwe.

Kijana_wa_Raha_Leo

Toa Windows, weka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, uachane na hayo matatizo, hizi programu za kijasusi karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya Windows.

Mwl_Nachingwea

Kila uzi wa kompyuta lazima aje mtu wa Linux. Mashine ya zamani hiyo, pengine ina RAM ya GB 2. Mint inawaka kwa GB 2, lakini raha yake inaanzia 4.

Kijana_wa_Raha_Leo

Basi Lubuntu, ni nyepesi zaidi. Mwalimu unabisha nini na maabara ya shule yenu mashine zote zimekufa kwa virusi vya shotikati? Nilikuja na fleshi yangu kuchapa mtihani, nikaondoka kila folda imegeuka shotikati.

Mwl_Nachingwea

Fleshi ulikuja nayo imeshaoza, kijana, usitusingizie. Mafaili hayakupotea, yalifichwa tu. Ungeandika attrib -h -r -s /s /d *.* kwenye ile fleshi ungeyaona yote. Wewe ulilia.

Kijana_wa_Raha_Leo

Sikulia.

Wakili_wa_Mikindani

Naomba tuwe makini. Fundi akifungua mafaili binafsi ya mteja na kutangaza kilichomo, hilo si utani. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Dada, alifungua mafaili au alibuni tu?

MamaWawili_Chuno

Alibuni! Hakuna cha kufungua! Kuna picha za watoto na mahesabu ya mchele!

Wakili_wa_Mikindani

Basi hapo ni kashfa, ni mlango mwingine. Mashahidi unao?

MamaWawili_Chuno

Mashahidi wanacheka humu humu kwenye uzi.

BintiLindi_Mitwero

Nyie Mtwara mnadeka. Mna fundi wa kugombana naye. Huku Lindi kuna mmoja wa simu, wa Lindi mnamjua, nimempelekea simu kioo kimepasuka. Kioo kaweka, betri kaondoa! Karudishia betri iliyovimba hadi kifuniko kikawa hakifungi. Namuuliza, ananiambia "joto la Lindi". Joto la Lindi linaiba betri?

Baharia_Msimbati

Huyo alijifunza kwa yule wetu.

MamaNtilie_Stendi

Afadhali mafundi, wanaonekana kwa macho. Njooni kwenye umeme. Gesi ya kuzalishia umeme inatoka Mnazi Bay, kule Msimbati, hapa hapa kwetu, bomba limeenda hadi Dar, halafu mimi nakata samaki kwa tochi ya simu. Friji langu limezimwa na kuwashwa hadi kompresa imekufa.

Korosho_GrediA

Umeme ukikatika ndio virusi vinalala @MamaWawili_Chuno, umepata dawa.

MsafiriWaMtambaSwala

Friji nini, mimi nilituma CPU Dar kwa basi ikatengenezwe huko kwa mafundi wa Kariakoo. Yule wa mizigo, mnamjua, mwenye sauti, akaniambia ataiweka juu ya kiti. Kaiweka chini ya ndizi. Ilifika na utomvu ndani ya feni. Fundi wa Dar kaniuliza kama natengeneza juisi.

BintiLindi_Mitwero

Yule wa mizigo wa sauti!! Huyo alinipotezea ndoo ya asali Somanga, akasema barabara ilikatika. Barabara ilikatika kweli kwa mvua za 2024, lakini mimi nilituma Agosti!

MamaWawili_Chuno

Jamani, turudi kwenye mada. Mtoto wa dada amezima intaneti, kaingia Safe Mode, zimetoka mbili, imebaki moja inaitwa jina la ajabu la herufi na namba. Na mama mkwe bado kajifungia. Nimempelekea chai kasema niiache mlangoni. "Vinaitwa!" Mtu anakwambia vinaitwa, mbele ya mama mkwe, na ni yeye aliyeviita!

FundiMzee_Masasi

Hiyo iliyobaki usiihangaikie ndani ya Windows, nenda moja kwa moja kwenye fleshi ya kuwashia. Chaji ya laptopu ya kutengenezea iwe imejaa, umeme wa leo siuamini.

MamaNtilie_Stendi

Nani anauamini! Mzee wa Masasi, wewe na friji unatengeneza?

FundiMzee_Masasi

Mimi hapana, ila kuna kijana mwaminifu pale Magomeni, hajibu watu vibaya.

Baharia_Msimbati

Huyo wa Magomeni ndiye aliyeniambia gesi imeisha kwenye friji, akaja na mtungi wa kupikia.

Korosho_GrediA

Wa Msimbati unaambiwa gesi imeisha???

BintiLindi_Mitwero

Na feni je, kuna anayejua fundi wa feni asiyebadilisha koili ya shaba akaweka ya alumini? Wa huku nimeshamaliza wote.

MamaNtilie_Stendi

Namba ya huyo wa friji nitumieni inboksi, nina kilo za changu humu na harufu imeanza.