Tupeane uzoefu: kuhamia uhandisi ukiwa umevuka miaka 35

Mleta mada
Wakuu, uzi huu ni wa wanaotoka ualimu, uhasibu, uuguzi au kazi yoyote ile na wanataka kuingia uhandisi wakiwa watu wazima. Tuweke mambo ya kufanyia kazi: uanze na nini, watu wanakwama wapi. Zile habari za "umri ni namba tu" tuziache, hazimsaidii mtu kufaulu hesabu.

Nondo_16
Kabla hujalipa ada, jipime aljebra. Karatasi na kalamu, simu weka mbali. Geuza fomula mpaka herufi iliyofichwa ndani ya kipeo ibaki peke yake, tatua milinganyo miwili sambamba, tafuta pembe ya pembetatu mraba kwa kujua pande mbili tu. Ukikwama hapo, kalkulasi (hesabu za mabadiliko) isubiri. Watu wazima wengi wanaoanguka kalkulasi wanazijua kanuni zake vizuri. Wanachopoteza ni alama ya kutoa wakati wa kufungua mabano. Tenga saa 8 hadi 10 kwa wiki kwa miezi 6 hivi, na uzigawe. Saa moja kila siku ni bora kuliko kujifungia Jumapili nzima, maana hesabu hupoa haraka.

Baada ya hapo ingia kwenye nguvu. Chukua boriti ya mita 4 iliyolala juu ya nguzo mbili, moja kila mwisho. Weka mzigo wa kilonyutoni (kipimo cha nguvu) 6, mita 1 kutoka nguzo ya kushoto. Chora boriti peke yake, nguzo uzifute, mahali pake weka mishale. Momenti (nguvu mara umbali) kuzunguka nguzo ya kushoto: 6 mara 1 ni 6, gawa kwa 4, nguzo ya kulia inabeba 1.5. Ya kushoto inabeba 4.5. Jumlisha, lazima upate 6. Kosa la kila mwanafunzi ni kupima umbali kutoka sehemu tofauti na ile aliyochagulia momenti. Ukimaliza, jiulize kwa nini boriti ileile, mzigo ukiwa katikati, ikirefushwa mara mbili inanepa mara 8 na si mara 2. Swali hilo likikunyima usingizi, fani hii ni yako.

Rizista
Upande wa umeme, usinunue lundo la vifaa. Ubao mmoja wa Arduino Uno R3 (kompyuta ndogo ya kujifunzia), bredibodi (ubao wa kuunganishia bila kulehemu), waya, taa ndogo za LED, rizista (vipunguza mkondo) za omu 220 na maltimita (mita ya kupima umeme) vinatosha. Pini ya ubao huo inatoa volti 5, taa nyekundu inachukua kama 2, zinabaki 3. Gawa kwa 220, mkondo ni takriban miliampia 14. Pini haifai kupitishwa zaidi ya miliampia 20 kwa kazi ya kawaida, na 40 ndio ukomo kabisa, kwa hiyo uko salama. Ukiruka rizista, unahatarisha taa na pini kwa pamoja.

Halafu maltimita: ukishapima ampia, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukiusahau ukagusa betri, umepiga shoti kupitia mita yenyewe na fyuzi ya ndani inakatika. Wengi hudhani mita ni mbovu.

Gia_Nne
Chagua tawi lililo jirani na kazi unayoiacha. Muuguzi tayari anajua pampu ya dripu inavyosumbua wodini, vifaa tiba vinamfaa. Msimamizi wa ghala aangalie uhandisi wa uzalishaji. Na kwa mwenye familia, mimi naona stashahada ya fundi sanifu itangulie: ni fupi, na unaanza kushika kazi mapema.

Nondo_16
Mkuu Gia_Nne, hapo tusiende haraka. Stashahada si shahada iliyofupishwa. Hata mikataba ya kutambuana kimataifa imetenganishwa: ule wa Washington wa 1989 ni wa shahada za wahandisi, wa Sydney wa 2001 ni wa wanateknolojia, wa Dublin wa 2002 ni wa mafundi sanifu. Kama lengo ni kuja kusaini michoro ya majengo, uliza mambo mawili kabla ya kujiandikisha, na majibu uyapate kwa maandishi: je, kozi inatambuliwa na bodi inayosajili wahandisi, na ni masomo mangapi yatahesabiwa ukipanda shahada? Ukijibiwa "tutaangalia baadaye", hesabu kwamba ni sifuri.

Gia_Nne
Kwa anayetaka kusaini, nakubali. Anayetaka matengenezo ya mitambo kiwandani, bado nasimamia nilichosema.

Rizista
Anayesoma huku anafanya kazi asizidishe masomo mawili kwa muhula, na yasiwe yote ya hesabu. Omba ratiba ya maabara kabla ya ratiba ya mihadhara. Mhadhara unaweza kuusikiliza usiku ukiwa umerekodiwa; maabara inakutaka uwepo, mara nyingi saa za kazi, na ndiyo inayowagombanisha watu na mabosi wao katikati ya muhula.