Tupeane uzoefu: uliingiaje kwenye uhadhiri, na kupanda cheo kulikuwaje?

Mkoba wa Pepa:
Wakuu heshima kwenu. Kila matangazo ya kazi za vyuo vikuu yakitoka vijana wananifuata pembeni na maswali yaleyale, GPA yangu (wastani wa alama, juu kabisa ni 5) ni 3.7 naweza kuomba, mastazi peke yake inatosha, pepa ngapi, yaani makala za utafiti zilizochapishwa, mtu anakuwa Sinia (Mhadhiri Mwandamizi), nikaona bora tuweke yote hapa, walioko ndani na waliokwama mlangoni wote waseme yaliyowakuta.

Kwa wasiojua ngazi, vyuo vya umma hapa Tanzania unaanza TA, yaani Mkufunzi Msaidizi, halafu Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, mwisho Profesa. TA wanataka digrii ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8, Mhadhiri Msaidizi mastazi ya 4.0 na ile ya kwanza bado wanaiangalia, Mhadhiri PhD. TA na Mhadhiri Msaidizi ni nafasi za mafunzo, umeajiriwa ili usome, muda uliopewa ukiisha hujamaliza shule unaweza kuiaga kazi. Kuanzia Mhadhiri kwenda juu ndo inakuja habari ya pepa, miaka kwenye ngazi, kufundisha na kusimamia wanafunzi wa mastazi na PhD.

Mimi ni Mhadhiri Mwandamizi, sayansi ya jamii. Nimekaa kwenye kamati za idara za kupitia mafaili na nasema wazi, vigezo vyetu vinampima mtu vizuri alivyokuwa na miaka 22, vinapima vizuri wingi wa machapisho, ila yule anayeingia darasani kila wiki na wanafunzi wakatoka wameelewa anapimwa kwa kipande kidogo sana. Karibuni.

Nyasa Girl:
Mkuu umegusa kidonda. Mimi mwaka wa kwanza niliumwa semesta nzima, kozi mbili za hesabu zikaniangusha, miaka iliyobaki nikapambana nikatoka na 3.7. Kwa wasiojua, upper second kwetu inaanzia 3.5 mpaka 4.3, kwa hiyo mimi nina upper second halali kabisa ila huo mstari wa 3.8 umekatiza katikati ya daraja. Nikaenda mastazi nikapata 4.6, nikapata ufadhili nje nikamaliza PhD, nimerudi nina pepa kwenye majarida yanayoeleweka. Tangazo la kwanza la Mhadhiri nililoliona kwenye fani yangu limeandika PhD, mastazi 4.0 NA digrii ya kwanza 3.8. Nikaomba hivyohivyo, jibu likaja sijachaguliwa kwa usaili, sababu GPA ya digrii ya kwanza. Yaani PhD nzima inafutwa na malaria ya mwaka wa kwanza. Sasa hivi niko chuo binafsi, wao waliandika 3.5, nafundisha na wanafunzi wangu wananipenda, lakini lile jambo linaniuma mpaka leo.

Mkoba wa Pepa:
Pole sana dada. Hoja inayotolewaga ni kwamba digrii ya kwanza ndo msingi na bila mstari kila mtu ataleta mtoto wa shangazi yake. Mstari uwepo, sawa, ila mtu akishatetea PhD mbele ya watahini wa nje basi hiyo PhD iwe ndo kipimo.

Mzee Nkrumah Hall:
Shikamooni kwa wakubwa, marahaba kwa watoto. Enzi zetu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakukuwa na kuomba mtandaoni. Ulikuwa unabakizwa. Matokeo ya mwaka wa mwisho yakitoka mkuu wa idara anakuita ofisini anakwambia tunakutaka ubaki, unaandika barua, unaanza kuongoza semina za mwaka wa kwanza huku unatafutiwa nafasi ya kusoma. Uzuri wake idara ilikuwa inakufahamu miaka mitatu minne, wanajua unaongea vipi kwenye semina, unaandika vipi, unabishana vipi bila kumtukana mwenzio, na hayo hayaandikwi kwenye transkripti. Ubaya wake profesa akikuchukia umekwisha, na wapo waliobakizwa kwa sababu nyingine kabisa. Sasa mambo yako Sekretarieti ya Ajira ya serikali, aliyesoma Dodoma anaomba Mbeya na aliyesoma Mwanza anaomba Dar, hilo ni jema. Ila mtu mliyemsaili kwa dakika chache mtamjuaje?

TA mpya:
Mzee shikamoo. Mimi nimepita njia ya sasa ngoja nieleze ilivyokuwa. Unajaza kwenye Ajira Portal, hakikisha cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule majina yanafanana herufi kwa herufi, kuna wenzangu walitolewa kwa jina la kati tu. Mtihani wa kuandika kwanza kama mchujo, wengi wanabaki hapo. Halafu prezentesheni na mahojiano. Mimi nilipewa mada kutoka silabasi ya mwaka wa pili nifundishe kama vile wao ndo darasa, wengi waliotangulia walisoma slaidi neno kwa neno. Mimi nikachukua maka pen nikachora mchoro ubaoni nikaanza na mfano wa bei ya nyanya sokoni ndo nikaingia kwenye nadharia, mjumbe mmoja akanikatiza akauliza darasa lina watu 400 na maiki imekufa utafanyaje, nikamwambia nagawa vikundi na viongozi wa vikundi wanakuja mbele kwa zamu. Akaandika kitu. Nikaitwa kazini. Kwa hiyo mzee hizo dakika ni chache kweli ila ukizijulia unaonekana.

Daktari wa Upanga:
Upande wa tiba kuna utofauti watu hawaujui. Kwetu aliyemaliza MMed, yaani daktari bingwa, anaweza kuanza Mhadhiri moja kwa moja bila PhD, na hilo lina mantiki kwa sababu anafundishia wodini kitandani kwa mgonjwa. Shida inakuja kwenye kupanda. Asubuhi raundi, mchana upasuaji, usiku zamu, pepa unaandika saa ngapi? Mwenzako wa idara isiyo na wagonjwa anakupita. Nimeona bingwa ambaye wanafunzi wote wanamtaja kwamba ndo aliyewafundisha kushona tumbo, amekaa Mhadhiri mpaka mvi.

Mkoba wa Pepa:
Hili la daktari ndo nililokuwa nalisema. Ngoja niwape picha ya faili lenyewe la kupanda. Unaweka CV ya mtindo wa chuo, nakala ya kila pepa uliyotoa tangu ulipopanda mara ya mwisho (zile za zamani zilishatumika hazihesabiwi tena), kama mmeandika wengi unaweka karatasi iliyosainiwa inayoonyesha mchango wa kila mmoja maana pointi zinagawanywa, tathmini za wanafunzi za kila kozi, orodha ya uliowasimamia. Idara inajadili, linapanda ndaki (college), machapisho yanapelekwa kwa wasomaji wa nje ya chuo wanaoyapa alama, yakirudi ndo kamati za juu. Tathmini ya wanafunzi kwenye kikao inasomwa sentensi moja, "ufundishaji ni mzuri", halafu pepa zinajadiliwa moja baada ya nyingine mpaka chai inapoa. Na msomaji wa nje akichelewa faili linalala tu.

Lugha Yetu:
Mimi nipo Kiswahili. Pepa zangu nyingi nimeandika kwa Kiswahili, na yapo majarida yenye heshima kabisa, Kiswahili na Mulika ya pale TATAKI Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yana historia ndefu na makala zinapitiwa na wataalamu kabla ya kutoka. Lakini faili langu lilipofika juu mjumbe wa fani nyingine akauliza kwa nini huyu hana machapisho ya kimataifa. Kimataifa! Lugha inayofundishwa Marekani, Ujerumani, Japani, Korea, na wasomaji wangu wako huko. Mkuu wangu wa idara alisimama akaeleza kwa utulivu kwamba mtafiti wa fasihi ya Kiswahili aliyeko Bayreuth, Ujerumani, anasoma jarida hilohilo la Dar. Ikapita. Lakini mwenye mkuu wa idara mpole asiyependa kubishana angeambiwa akaandike kwa Kiingereza kwanza. Naomba sana kigezo kiwe ubora wa makala na uzito wa wahariri, lugha isiingizwe humo.

Pepa Fasta:
Vijana angalieni majarida feki. Kuna mwenzangu alipata imeili, Dear Eminent Professor wakati yeye ni Mhadhiri Msaidizi, wanataka dola kadhaa na pepa inatoka ndani ya wiki. Akatoa nyingi tu. Kamati ilipokaa zikapigwa sifuri zote, pesa imekwenda na zile data hawezi kuzichapa tena sehemu nyingine. Zamani watu walikuwa wanatazama ile orodha ya majarida ya kutiliwa shaka ya Jeffrey Beall ila aliifunga 2017, kwa sasa uliza maktaba ya chuo, angalia bodi ya wahariri kama ni watu halisi wenye vyuo vyao, na majarida ya Afrika anzia AJOL, tovuti inayoyakusanya. Jarida halali litakurudishia pepa na maswali yanayoumiza kichwa, ukiona limekubali bila hata swali moja kimbia.

Mtu wa Eldoret:
Niaje wasee. Huku Kenya mambo iko kwa karatasi ya CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, ile Harmonized Criteria ya 2014, pointi zimeandikwa, kwa mfano ukitaka kuwa Senior Lecturer lazima uwe na pointi 32 za machapisho tangu ukuwe Lecturer pamoja na miaka mitatu ya kufundisha na wanafunzi umesupavaizi. Nzuri ni kwamba unajihesabia mwenyewe nyumbani, unajua umefika ama bado. Lakini kuna kitu haijaandikwa hapo, sisi wa pataimu. Nimefundisha pataimu kwa campus mbili, unasahihisha mitihani ya watoto mia mbili na malipo inakuja baada ya mwaka, ikikuja. Na ukienda intavyu wanataka experience ya full-time. Hiyo miaka yote ya pataimu iliwekwa kando kama sikuwahi simama mbele ya darasa. PhD ninayo jameni.

Mama Lubumbashi:
Jambo bandugu. Huku Kongo tunaanza asistanti, kisha shefu de travo, kisha ukipata doktora ndiyo unaingia kwa maprofesa, asosie mpaka odineri. Shefu de travo wengi wanazeeka pale pale, si kwa kukosa akili, ni kukosa profesa wa kuwasimamia na pesa ya utafiti. Mie nilibahatika kupata ufadhili wa masomo Ubelgiji, wenzangu watatu wenye maksi kunipita walibaki. Ninyi munaogombana na GPA mushukuru hata mustari upo, munaujua.

Kijana wa Songea:
Asanteni wakubwa. Mimi nina 3.9 ya digrii ya kwanza, uchumi, mastazi ndo naanza Oktoba. Nikae nisubiri tangazo la TA au nikomae na mastazi kwanza? Na nianze kuandika pepa sasa hivi au bado ni mapema?

Mkoba wa Pepa:
Mdogo wangu omba TA tangazo likitoka hata kama uko mastazi, ukiingia wewe ni mwajiriwa unayesoma. Na mradi wa HEET wa Benki ya Dunia wa kuinua vyuo vikuu, ule wa dola milioni 425 ulioanza 2021, vyuo vya umma vimesomesha watumishi wake kupitia huo. Mastazi usishuke chini ya 4.0 kwa namna yoyote ile, hata 3.9 hawatakusikiliza umeona ya Nyasa Girl hapo juu. Pepa anza na tasnifu yako, ukiiandika fikiria sura moja itakayotoka kama makala, na kabla hamjaanza kukusanya data ongea na supavaiza nani jina la kwanza, andikeni kwenye imeili.

Nyasa Girl, kuna tangazo linakuja kwenye fani yako kwenye chuo cha jirani yetu, mstari wao wa digrii ya kwanza nimeambiwa ni 3.5. Nitumie CV leo jioni.