Tupeane uzoefu: gari la nyumbani ulipokuwa mdogo, hasa wa Moshi na Arusha

Wadau, habari za jioni. Leo naomba tukumbushane magari ya wazee wetu: Peugeot, Land Rover, Volkswagen, Datsun.

Naanza mimi. Kwetu Kibosho mzee alikuwa na Peugeot 404 ya viti safu tatu, rangi ya maziwa, gia kwenye usukani. Lilikuwa lake kwenye kadi tu. Mama yeyote kijijini akishikwa uchungu usiku, mlango unaogongwa ni wetu. Bibi harusi alipanda humo, jeneza lilipanda humo, na siku ya soko mikungu ya ndizi ilifungwa kwenye keria mpaka springi zikalala. Mzee hakumdai mtu mafuta, na hilo namheshimu nalo mpaka kesho. Alipenda kutusimulia kuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda Safari Rally 1966 na 1967 kwa 404. Kwake hoja ilikuwa imefungwa, gari ni hilo.

Julai, baridi ya mlimani, linagoma kuwaka. Mzee anavuta choki, wapi. Anafungua boneti, anatoa kifuniko cha distributa, anasugua platini, vile vidude vya kukata na kuunganisha umeme wa plagi, kwa kipande cha msasa, anapuliza, anarudishia. Halafu: "Haya, sukumeni!" Likishika hasimami, maana likizima tunaanza upya. Tunarukia ndani huku linatembea, wadogo wakivutwa kwa mikono.

Karibuni, na nyie leteni yenu.

*Mdau, Marangu:*
Kwetu Volkswagen ile ya mviringo, injini nyuma. Halina rejeta, linapozwa kwa upepo, kwa hiyo kupanda kutoka Himo tuliwapita wenzetu waliosimama wakitafuta maji. Nyuma ya kiti cha nyuma, chini ya kioo, kuna kashimo ka mizigo. Mimi kitindamimba ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Joto la injini lote linakuja pale, na ule mlio! Nilikuwa nalala fofofo kabla hatujafika Njiapanda.

*Mdau, Ngarenaro:*
Datsun 1200 pikapu. Mnakumbuka ile marufuku ya Jumapili, magari binafsi mwisho saa nane mchana ili kubana mafuta? Tukienda kwa shangazi Usa River, chakula kikichelewa baba anakula amesimama.

*Mdau, Monduli:*
Land Rover 109 ya babu. Betri ikifa tunachomeka hendeli mbele na kuzungusha injini kwa mkono. Babu alitufundisha tusizungushe kidole gumba kwenye mpini, kikae upande mmoja na vingine, kwa sababu injini ikipiga kinyume itakivunja. Bado tunalo na linawaka. Springi za nyuma ndizo zimekatika, na ndugu wengine wanasema liuzwe.

*Mwanzisha mada:*
Mkuu wa Monduli, nakuomba sana, lisiende kwa watu wa chuma chakavu. La kwetu liliondoka hivyo, likapimwa kwa kilo, na mzee hataki habari hizo zitajwe mbele yake. Kama shida ni springi, hesabu majani yake, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa, pima urefu wa lile refu kuliko yote, unitumie na picha. Kesho nashuka mjini, nitakuulizia kwa mafundi.